Sehemu ya Kurudi

Mwalimu wangu alikuwa na vidole vya nyumbani na vidole vya muziki. Vya nyumbani vilikata vitunguu, vilibonyeza rimoti, vilichagua kabichi sokoni kwa kuzigonga kama milango. Vya muziki vilianza pale alipoketi karibu na dirisha, akafungua kopo la peremende, akatoa kucha za bandia na kuzifunga juu ya zake kwa plasta nyembamba, moja moja, akikata kila plasta kwa meno. Zikishafungwa hakugusa kitu kingine. Simu ikilia, ililia mpaka ikachoka. Siku moja sufuria ya wali ilifurika tukasikia jiko likifoka. Nikainuka, naye akaniambia niketi.

"Utapikwa wali mwingine, ndugu. Kucha zimeshafungwa."

Alisema hivyo kwa Kiswahili, na hilo lazima nilieleze mapema, maana bila hilo nisingemjua kamwe.

Nilikuwa nimehamia ng'ambo, Auburn, kitongoji cha jiji kubwa, katika jengo la matofali mekundu karibu na reli, nikapanga chumba kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Sote wawili tulifanya kazi ya kutunza wazee, mara nyingi zamu za usiku. Tukirudi asubuhi tunatafuta usingizi, ukuta unaanza kulia. Nyuzi, nyuzi, kimya kidogo, halafu nyuzi tena, na mwishoni kelele ndefu kama mvua kwenye mabati. Nilikuwa nikiufunika uso kwa mto na kumwombea jirani mabaya madogo madogo, kama vile kukatika kwa nyuzi zote kwa mpigo.

Siku moja tulikuwa kwenye chumba cha kufulia cha jengo, tukikunja mashuka, na Mama Furaha akaanza.

"Ile gitare ya ule mama wa Chine haitulie hata kidogo. Njo kusema siye tusilale tena?"

Nikamjibu kwamba nitaenda kumgongea, nimwambie apeleke gitaa lake uwanjani akawapigie kunguru.

"Si gitaa, ndugu zangu," ikasema sauti nyuma ya mashine ya kukaushia. "Gitaa ni kitu kingine. Na kama nawasumbua, niambieni mimi, msiiambie mashine."

Akatokea mwanamke mfupi, nywele nyeupe zilizokatwa sawa na masikio, amekumbatia foronya zake. Mama Furaha aliketi juu ya kikapu cha nguo kikabonyea. Mimi nilitafuta pa kuuficha uso, na kwa kuwa sikupapata nikamwamkia shikamoo. Akaipokea kwa utulivu kabisa, kama mtu anayepokea kitu alichokiacha kwa fundi zamani.

Sijui alizaliwa wapi wala ni wa nani, na sikuwahi kumuuliza. Najua tu kwamba alipokuwa msichana alipelekwa kwenye hospitali moja ya Pwani kuwa mkalimani wa madaktari wa kwao. Kiswahili chake kilibaki na umbo la kazi ile. Alijua bandama, kinena, nyongo, kifundo cha mguu. Hakujua intaneti inaitwaje. Alimwita kila mtu ndugu, hata dereva wa basi ambaye hakujua anaitwa nini. Kiswahili changu cha Nairobi kilimkera. Nikisema "poa", alitazama kikombe cha chai kuona kama kimepoa. Nilipomuuliza kama alizifurahia siku zile, alifikiri sana.

"Nilijua watu wanaumwa wapi," alisema. "Wanakochekea sikupelekwa."

Nilikwenda kwake kuomba radhi kwa maneno yale ya kunguru, na sikutoka bila somo la kwanza. Aliufundisha muziki kama anayepima wagonjwa. "Usikune, unakuna kama mwenye upele." "Kifundo cha mkono kimevimba kwa woga, kilegeze." Kidole changu cha kati alikiita karani, kwa sababu kila siku kilifika kazini kimechelewa na kikataka kusalimiwa. Sikumbuki akinisifu. Nikipiga vizuri alinikatia chungwa, nikipiga vibaya alilikata akala mwenyewe, na nilijifunza kuyasoma yale machungwa kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Machozi katika muziki aliyaita uchafu, lakini mchana alitazama tamthilia za kwao akiwa na boksi la tishu mapajani, akilia waziwazi kwa ajili ya wake waliosingiziwa. Alinikataza kuosha vyombo kabla ya somo, eti maji ya moto yanazubaisha vidole, kisha yeye mwenyewe akatoka sokoni amebeba mifuko ya kabichi iliyomkata viganja. Simu hakutaka niifungue kurekodi mbele ya chombo chake cha muziki. Alisema simu ikikumbuka, mkono unapata likizo. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Bado nadhani hivyo siku nyingine, nikiwa na hasira.

Mwanawe aliishi Doonside, mbali kidogo kwa treni, na alikuja Jumapili. Mwalimu alimsemesha kwa Kichina, yeye akajibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yao yalikwenda hivyo mchana kutwa kama watu wawili wanaotembea kando mbili za barabara moja. Nilipomhadithia Mama Furaha alicheka mpaka akajifuta macho, kwa sababu Furaha wake alikuwa akimfanyia vivyo hivyo kila siku. "Kumbe ni batoto bote," alisema, na nilisikia amefarijika.

Chombo chenyewe kina umbo la papai lililopasuliwa katikati, tumbo bapa, nyuzi nne. Unakiweka wima mapajani, uso wake ukiwatazama watu, shingo ikipita karibu na sikio lako kama mtoto aliyebebwa begani. Kwao huitwa pipa, na kwa kuwa Kiswahili kina pipa lake la maji ya mvua, Mwalimu alikiita udi. Mkono wa kushoto unabana nyuzi juu ya vipande vya mianzi na kuchagua sauti. Mkono wa kulia unazitoa. Mmoja bila mwingine si kitu. Hili alilisema tangu siku ya kwanza, nami niliitikia kama mtu anavyoitikia jambo lililo wazi mno.

Alinifundisha wimbo mmoja tu. Ulikuwa wimbo wa kijijini, wa wanawake waliokwenda kuchuma majani ya mforosadi kwa ajili ya viwavi vya hariri. Viwavi vile havinyamazi, alinieleza. Chumba kizima kinasikika vikitafuna, na vikikosa majani siku moja tu kazi ya msimu imekwisha. Kwa hiyo wanawake walikwenda, walichuma, na walirudi mbio mvua ikiwa nyuma yao, maana majani yaliyolowa huvitia viwavi maradhi. Wimbo ulikuwa na sehemu hizo hizo: kwenda, kuchuma, kurudi.

Nyimbo za aina hiyo haziandikwi zote. Kinachoandikwa ni mifupa, sauti chache zilizosimama mbalimbali, ambazo mtoto anaweza kuzipiga kwa kidole kimoja. Maua yake, yaani yote yanayojaza katikati, mitetemo, mikwaruzo, sauti zinazoteleza kutoka uzi hadi uzi, mwanafunzi huyapokea kutoka mkononi mwa mwalimu wake, na kila kijiji kina yake. Mwalimu aliimba mfupa mmoja, akaupiga na maua yake, nami nikarudia mpaka likaja chungwa. Sehemu ya kwenda ilichukua majira ya baridi yote. Sehemu ya kuchuma ilichukua zaidi. Sehemu ya kurudi ilikuwa na sheria yake: haitolewi mpaka mbili za kwanza ziwe zimehama kichwani zikakaa vidoleni. Yeye mwenyewe aliipokea hivyo. Hakuipiga mbele yangu hata mara moja, ili masikio yasiibe kile ambacho mikono haijakistahili.

Niliitaka sehemu ile kwa namna ambayo sikuwa nimetaka kitu kingine katika nchi hii. Sielewi vizuri ni kwa nini. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimekwenda, na nilikuwa ninachuma, na kila nilipompigia simu mama yangu aliniuliza jambo moja, nami nikalikwepa.

Nilipomsihi Mwalimu aniimbie tu, akakataa. Kurudi kote ni gurudumu, alisema, na sauti yake haina vidole.

Gurudumu ni roho ya udi ule. Vidole vitano vinafyatuka kwa nje kimoja baada ya kingine, cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, gumba, halafu vinaanza tena, mpaka sikio halisikii vidole bali uzi mmoja mrefu usiokatika. Gurudumu la Mwalimu lilikuwa na kitu ambacho sikukisikia kwa mpigaji mwingine yeyote. Katikati ya mzunguko palikuwa na pumzi, pengo dogo sana, kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake na kuruka kidato kile anachojua ni kibovu. Lilinifanya nitake kulia, japo kulia kulikuwa uchafu. Nililifanyia mazoezi kitandani, kwenye treni, juu ya meza ya chakula mpaka Mama Furaha akauliza kama kuna mtu nje anabisha hodi. Nilipolipata nilijiona nimeingia ndani ya ukoo.

Nilimpigia sehemu ya kuchuma mchana mmoja wa jua kali, madirisha yote wazi, treni zikipita. Nilifika kwenye gurudumu na kulipiga kama yeye. Nilitazama sahani, chungwa lilikuwapo, na kisu juu yake. Hakulishika.

"Nani amekufundisha kukiruka kidole cha pete?"

"Wewe, Mwalimu."

Akaniambia nirudie. Akafumba macho. Kisha akafunga kucha zake, polepole kuliko siku zote, akauchukua udi na kupiga pale pale, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza mlangoni mwa chumba ambamo anasemwa. Alipiga tena. Halafu akaanza kubandua plasta, na alianza na ya kidole cha pete. Kidole kile kilibaki kimekunjika. Nilikuwa nimekitazama muda wote ule na nilikuwa sijakiona.

"Huu si mtindo, ndugu," alisema. "Huu ni ugonjwa. Baridi yabisi. Nimekuwa nikikugawia, nawe unapokea kwa mikono miwili."

Nikamwambia ni pazuri kuliko pengine pote katika wimbo. Akanitazama kama nilivyowahi kumwona akiitazama kabichi iliyooza ndani.

Tangu siku ile tulianza upya, gurudumu tupu, bila wimbo. Cha shahada, cha kati, cha pete. Alinifunga vidole viwili pamoja kwa plasta ili cha pete kisikwepe. Aliweka saa ya mezani itupimie mwendo. Nikipiga polepole, mzunguko ulikuwa kamili. Nikiongeza mwendo, pengo likarudi mahali pake, bila kuombwa, limetulia kama mwenye nyumba. Mkono ulikuwa umekumbuka, na haukwenda likizo. Mwalimu hakugomba. Ingekuwa heri angegomba. Alisema tu kwamba gurudumu likikamilika atanipa kurudi, kisha akageukia dirishani akawa anaukanda mkono wake wa kulia kwa wa kushoto.

Mama Furaha ndiye aliyeniambia. Alikuwa anakaanga samaki, hata hakugeuka.

"Ule mama hawezi tena kuipiga ile ya mwisho. Njo maana anakukatalia. Zamani alikuwa anamalizaka na ile kelele kama mvua, unakumbuka? Siku hizi hakuna mvua. Ni miaka sasa."

Nilikaa pale jikoni nikajaribu kuikumbuka. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi ajabu, asubuhi baada ya asubuhi, sehemu nzima ya kurudi pamoja na mifupa na maua yake, nikiwa na mto usoni. Nilimwomba Mama Furaha aimbe kama anavyoikumbuka. Akaanza vizuri, kwa puani, akipunga kijiko, na kabla hajafika mbali ikageuka kuwa wimbo wa kanisani kwao, akaushika wote na pambio lake. Tulicheka. Halafu samaki wakaungua na hakuna aliyecheka tena.

Nilitafuta kwenye simu. Wapo wanawake wengi wenye magauni ya hariri wanaopiga udi ule chini ya taa kubwa, na nyimbo za mforosadi si haba. Mifupa yao ni mingine. Nilimwandikia mtu mmoja anayefundisha muziki huo hapa hapa mjini, akanijibu kwa heshima kwamba bila kujua kijiji hawezi kunisaidia. Nikaenda kumuuliza Mwalimu jina la kijiji, akadhani ninampima kumbukumbu, akachukia, na wiki ile hapakuwa na somo.

Nikawaza kumwambia ukweli: kwamba najua, kwamba anipe hivyo hivyo ilivyo, na kilema chake, na mashimo yake. Niliyapanga maneno kwa Kiswahili safi ambacho asingekitoa kasoro. Kila mara nilipofika, alikuwa ameshafunga kucha, na mbele ya kucha zilizofungwa hakuna aliyeweza kuzungumza jambo jingine. Tulipiga gurudumu. Likachechemea. Akakata chungwa na kuliacha kwenye sahani, likakauka, hatukula yeye wala mimi.

Nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wake wazi na mwanawe akipanga sufuria kwenye maboksi. Kiharusi kilimpiga jikoni, upande wa kushoto. Mwanawe alizungumza taratibu, Kiingereza chake ni cha mtu wa ofisini, akaniambia kwamba hatarudi kwenye fleti ile, amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu na kwake. Akaniuliza kama ningeutaka udi, kwa kuwa nyumbani kwake hakuna wa kuugusa. Akanipa na kopo la peremende. Ndani yake kucha zilikuwa zimelala na vipande vya plasta ya mwisho bado vimeshikana nazo.

Nilikwenda Doonside siku ya mapumziko yangu, udi umelala miguuni mwangu ndani ya treni kama mgonjwa mwingine. Kazi yangu ni nyumba za namna ile. Najua harufu yake, najua maana ya kiti kikiwekwa dirishani na maana yake kikiwekwa mlangoni. Sikutegemea kwamba kujua kungekuwa na uzito wa bure kiasi kile.

Mwanawe alikuwapo. Alinionya kwamba mama yake hasemi tena kitu cha maana; wauguzi wanadhani anabwabwaja, hata yeye haelewi, si Kichina. Nikamsogelea. Alikuwa amepungua, mkono wa kushoto umewekwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine.

"Karibu, ndugu," alisema. "Unaumwa wapi?"

Mwanawe akaniuliza kama hiyo ni lugha. Nikamwambia ni Kiswahili. Alisimama pale akamtazama mama yake. Maisha yake yote, alisema, hakuwahi kumsikia akiisema.

"Unaumwa wapi?" Mwalimu alirudia, kwa subira. "Tangu lini?"

Nikamwonyesha kidole cha pete. Akakishika kwa mkono wake mzima, akakikunja, akakikunjua, akakisikiliza karibu na sikio. Hakusema ugonjwa wake. Labda mkalimani hupeleka tu maneno, na daktari hakuwapo.

Nilifunga kucha. Aliposikia plasta ikikatwa kwa meno, uso wake uliamka. Nikapiga kwenda. Nikapiga kuchuma, na gurudumu likachechemea mahali pake, na juu ya blanketi mkono wake wa kulia ukachechemea pamoja nalo, mahali pale pale. Nikafika mwisho wa ninachokijua na kunyamaza.

"Sasa tunarudi," alisema.

Nikamwambia sijui kurudi. Nikamwambia hakunifundisha. Nilisema kwa Kiswahili, polepole, kwa adabu zote. Alinitazama kama anayemtazama mgonjwa anayeogopa dawa.

"Mvua inakuja," alisema. "Tunarudi."

Na vidole vyake vikaanza. Juu ya blanketi, bila kucha, cha shahada, cha kati, pengo, cha mwisho, gumba, mzunguko juu ya mzunguko. Aliharakisha mahali fulani, akalegeza, akasimama kidogo, labda kwenye kivuko, labda kwenye mlango wa mtu, akaendelea. Ilikuwa yote. Niliiona sehemu ya kurudi yote, mbele ya macho yangu, na haikuwa na sauti. Nikausogeza udi mpaka nyuzi zikawa chini ya vidole vyake. Zikalia, nyuzi tupu, sauti zile zile zikijirudia, kwa sababu mkono wa kuchagua ulikuwa umelala juu ya mto. Nilinyoosha mkono wangu wa kushoto kwenye shingo ya udi. Nikabana pahali. Hapakuwa penyewe. Nikabana pengine. Akakunja uso, nikauondoa mkono.

Basi nikaushika tu udi usianguke. Kelele kama mvua ikajaa chumba kile, mwanawe akiwa amesimama na funguo za gari mkononi, na nje lilikuwa jua.

Mwisho vidole vikapungua mwendo, vikatulia. Mwalimu akashusha pumzi na kulegeza mabega, moja, halafu jingine, kama mtu anayetua kikapu.

"Tumefika," alisema.

Akafumba macho. Alikuwa amefika, ilionekana usoni pake. Mimi niliketi pale na udi wake, kucha zikiwa bado zimefungwa, nisiweze kujifuta uso.